Mliona kunguru na mbuzi tu: matembezi ya asubuhi ya kipupwe mashambani Dodoma

Swali: Ninafundisha sekondari hapa Dodoma na ninalea klabu ya mazingira. Mwaka jana mwezi wa saba niliwapeleka wanafunzi 18 mashambani upande wa Hombolo kuangalia wanyamapori. Tulitembea tangu saa nne hadi saa saba mchana, kilomita kama tisa, tukaona kunguru, mbuzi na mjusi mmoja. Korongo weupe na keremkezi wa Ulaya waliomo kwenye orodha yangu hatukuwaona hata mmoja. Je, wanyama wameisha, au tulikosea? Mwaka huu nataka kurudi na vijana.

Jibu:

Mwalimu, wanyama wapo. Mlikwenda saa ambayo wameshajificha, mkakatiza katikati ya mashamba mahali wasipokaa, na kundi lenyewe lilikuwa kubwa mno. Hiyo orodha yako nayo ni ya msimu mwingine. Nianze na saa, kwa kuwa hilo peke yake lingewapa nusu ya mlichokosa.

Mwezi wa saba jua la Dodoma huchomoza karibu saa 12:45 asubuhi. Mwanga wa kutosha kumwona mnyama kichakani hupatikana dakika 20 hivi kabla ya hapo. Kwa hiyo saa 12:15 muwe mmeshashuka garini, milango imefungwa polepole na simu zimezimwa sauti. Kutoka mjini hadi Hombolo ni kilomita 40 hivi. Mkiondoka saa 11:00 mtafika bila kukimbizana. Saa 3:30 mnamaliza. Mwaka jana mlianza wakati ambao mlipaswa kuwa mnakunywa chai njiani kurudi.

Sababu za kuwahi ziko kadhaa, na vijana wazijue, maana wataacha kulalamikia usingizi. Usiku wa kipupwe joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14. Wadudu huwa wamekufa ganzi, na ndege wanaowategemea hawana haraka ya kuingia vichakani. Hupanda matawi ya juu yanayotazama mashariki wakaota jua. Kuzumburu, wale wa kijivu wenye mikia mirefu, huning'inia kwa makundi wakiwa wamelielekeza tumbo kwenye jua, na kwa dakika kadhaa unaweza kuwahesabu bila darubini. Keremkezi mdogo, ambaye ni mwenyeji wa mwaka mzima, huonekana amebanana na wenzake kwenye kijiti kimoja, manyoya yametuna. Ikifika saa nne wote wametawanyika.

Kisha kuna upepo. Ule wa kusini mashariki unaovuma Dodoma kuanzia Juni huwa mpole alfajiri, halafu huzidi kadiri jua linavyopanda. Ukishashika kasi, kila jani linatikisika, hutofautishi tena kichaka kilichotikiswa na mnyama, na husikii kitu. Tena mifugo: zizi nyingi hufunguliwa kati ya saa mbili na saa tatu. Ng'ombe 60 wakishapita kwenye korongo la mchanga, nyayo zote za usiku zimefutika. Mkiwatangulia wachungaji, mtasoma mchanga ukiwa mzima.

Wanaokwenda kinyume na saa hizi ni tai na tumbusi. Hao hungoja hewa ipate joto iwanyanyue, kwa hiyo wakati mengine yanaisha, kwenye saa tatu, ndipo mnapaswa kuanza kuangalia juu. Tai pungu mtamjua kwa mkia mfupi kiasi kwamba anaonekana kama hana.

Kuhusu idadi: wanafunzi sita hadi wanane, na watu wazima wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Kama klabu ina 18, gawa makundi matatu kwa Jumamosi tatu. Kundi la watu 18 linafika mstari wa mita 30, na aliye mwisho hukuta mahali mnyama alipokuwa. Umbali nao upunguze. Kilomita mbili au mbili na nusu kwa saa tatu zinatosha kabisa. Mwendo mzuri ni hatua 50, kisha kusimama dakika mbili kimya, kisha hatua nyingine 50. Wanyama wengi wa mashambani hawakimbii mtu anayetembea. Hulala chini wakamwacha apite. Kinachowatia wasiwasi ni mtu kusimama, na hapo ndipo wanapojitikisa ukawaona.

Sasa njia. Shamba la uwele au mtama lililovunwa Mei au Juni, mabua yakaliwa na ng'ombe, katikati yake hakuna pa kujificha wala pa kula kwa mnyama mkubwa kuliko panya. Uhai wote umehamia kwenye mipaka: ua wa minyaa, korongo, mbuyu ulioachwa, kichuguu ambacho jembe limekizunguka, mwamba ambao haukulimika, lambo la kunyweshea mifugo. Chora njia inayounganisha vitu hivyo hata kama inapinda kama mkia wa ng'ombe, na ukatize shamba tupu tu pale usipokuwa na njia nyingine. Isipokuwa shamba la karanga au alizeti: pale hubaki karanga ardhini na vichwa vilivyodondoka, na kanga hufika kuchakura alfajiri hiyo hiyo. Hayo yatazame kwa darubini ukiwa umesimama ukingoni.

Upande wa kuelekea una maana kuliko wengi wanavyofikiri. Julai jua hutokea mashariki likiwa limeegemea kaskazini, na upepo unatoka kusini mashariki. Mkianzia mwisho wa kaskazini wa njia yenu na kutembea kuelekea kusini, au kusini magharibi kidogo, jua litakuwa nyuma yenu upande wa kushoto, likiwamulika wanyama badala ya kuwapofusha ninyi, na upepo utawapiga shavu la kushoto, ukipeleka harufu yenu nyuma. Mwambie dereva awashushe kaskazini akawangoje kusini. Upepo ukiwa mdogo kiasi cha kutilia shaka, mwaga vumbi laini kutoka usawa wa kifua utazame linakoelekea.

Kabla ya yote hayo, wiki moja mbele, pitia ofisi ya mtendaji wa kijiji na barua ya shule, kisha umwone mwenyekiti wa kitongoji. Omba mwenyeji wa kuwaongoza na umlipe; mchungaji aliyestaafu au mrina asali ndiye bora, kwa sababu anajua kichuguu gani kina wakazi. Julai na Agosti ni miezi ambayo zabibu za msimu wa pili zinaiva Dodoma, na walinzi wako mashambani wakifukuza kuzumburu na shorewanda. Kundi la wageni wenye darubini linalozunguka shamba la zabibu saa 12 alfajiri linahitaji maelezo mapema, si papo hapo. Zipo pia kambi za jeshi kandokando ya mji. Njia yenu isizikaribie, na darubini wala kamera isielekezwe huko. Kuhusu mavazi, kaki, kahawia au kijani kilichofifia. Nyeupe huonekana kutoka mbali sana. Nguo za mabaka zinazofanana na za jeshi raia hapaswi kuvaa, hata kama kijana atakuambia amenunua mnadani.

Viatu ni vya soli ngumu na vya kufunika kidole. Mwiba wa mgunga hupenya kandambili na raba nyembamba bila shida, na mbigili zipo kila mahali. Soksi ndefu juu ya suruali kwa ajili ya kupe. Sweta, kwa kuwa mtoto anayetetemeka hanyamazi; ataivua saa mbili na nusu, kwa hiyo awe na mkoba. Maji lita moja kwa kila mtu, viazi vitamu vya kuchemsha, na hakuna pakiti za plastiki zinazokwaruza.

Darubini: namba unayoitaka ni 8x42. Ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Duka likikuuzia 10x25 kwa maneno kwamba inavuta zaidi, ukifika porini alfajiri utaona giza, kwa sababu kioo chake ni kidogo, na mikono ya mtoto itaitikisa picha. Darubini moja kwa wanafunzi wawili inatosha. Irekebishe nyumbani kabla ya siku: funika kioo cha kulia, zungusha gurudumu la kati hadi jicho la kushoto lisome vizuri bango lililo mbali, kisha funika cha kushoto na uzungushe pete iliyo kwenye kichungulio cha kulia, bila kugusa gurudumu la kati. Baada ya hapo ni gurudumu la kati tu. Kosa la wanaoanza ni kuinua darubini halafu kumtafuta ndege ndani yake. Macho yabaki kwenye ndege, darubini ipandishwe mbele ya macho.

Mpatane mapema namna ya kuelekezana. "Pale! Pale!" haimsaidii mtu. Mtindo wa kutumia mishale ya saa nao hautufai: mmoja atasoma juu ya duara kuwa 12, mwingine saa sita, na ndege ataruka mkibishana. Tumieni alama za nchi: "mbuyu wa pili, tawi nene la kushoto, karibu na shina."

Nini cha kutegemea? Sauti ya kwanza kabla ya jua huenda ikawa kanga wakishuka mtini walikolala. Kiangazi hukaa kwa makundi makubwa, mara nyingi zaidi ya kumi. Mvua zikianza hugawanyika wawili wawili kuzaa. Kanga akishtuka hukimbia kwanza, kuruka ni baadaye, kwa hiyo msiwafuate moja kwa moja. Pita kwa pembeni, kana kwamba una safari zako, ukiwatazama kwa jicho la upande. Watakuvumilia karibu zaidi. Kwale nao huwika kutoka kwenye vichaka vya ukingoni dakika zile zile.

Kwenye mibuyu tafuteni ndege wawili ambao watalii hupanda ndege kuja kuwaona, nasi tunawapita barabarani. Cherero mwenye ukosi wa njano ni kasuku mdogo wa sentimita 15 hivi: mwili wa kijani, kichwa cheusi, mdomo mwekundu, duara jeupe kuzunguka jicho. Asili yake ni Tanzania ya kaskazini na kati. Wanaoonekana Nairobi wametokana na waliotoroka kwenye vizimba. Huzaa kwenye matundu, na mbuyu wenye matundu mengi hauna mbadala kwake. Wa pili ni kwezi wa kijivu, ambaye huchanganyika na kwezi maridadi wanaong'aa na kwa hiyo hupuuzwa: rangi ya majivu mwili mzima, mkia mrefu, jicho la njano hafifu. Naye hapatikani nje ya nchi hii.

Kichuguu kikubwa kilichozeeka kipeni robo saa, mkiwa mmekaa chini umbali wa mita 30. Jua likikigonga, nguchiro wadogo wa kahawia hutoka mmoja mmoja, hujinyoosha, hujisafisha, kisha kundi zima huondoka kwenda kutafuta wadudu. Mara nyingi juu ya mti wa jirani kuna hondohondo mwenye mdomo mwekundu anayewangoja. Hawa wana ubia: nguchiro wakifukua, panzi wanaoruka ni chakula cha hondohondo; hondohondo akimwona mwewe, hupiga kelele na nguchiro hujificha. Mtazameni uso hondohondo huyo. Wa kwetu huku kati ana ngozi nyeusi kuzunguka jicho la njano, tofauti na jamaa zake wa mikoa mingine ya Afrika.

Juu ya mashamba yaliyovunwa tazameni pia mwewe mdogo mweupe mwenye mabega meusi, anayesimama hewani akipiga mabawa, kichwa chini. Anawinda panya shamba, ambao huongezeka pale nafaka zilizomwagika zinapokuwa nyingi. Mkulima mwenye akili hamrushii jiwe.

Digidigi nimempa nafasi yake, kwa sababu ndiye swala ambaye klabu yenu ina uwezekano mkubwa wa kumwona bila kwenda hifadhini, na hata asipoonekana ameacha maandishi. Anaishi na mwenzi mmoja katika eneo lao dogo la vichaka, na jozi hiyo hurudia vyoo vile vile kila siku. Choo chenyewe ni rundo la vinyesi vidogo, karibu ukubwa wa punje ya mbaazi, mahali pamoja. Mbuzi hunya huku akitembea, kwa hiyo vyake hutawanyika, hapo hamtakosea. Kwato za mbuzi mkubwa ni butu na pana. Za digidigi ni nyembamba, zimechongoka, urefu wake kama sentimita tatu. Mkishakipata choo, pigeni magoti na mtazame ncha za vijiti vikavu vinavyozunguka, usawa wa goti la mtu mzima au chini kidogo. Kwenye kimojawapo mtaona tone jeusi linalonata, limeganda kama utomvu. Digidigi ana tezi nyeusi mbele ya jicho. Huleta uso taratibu hadi ncha ya kijiti iingie kwenye tezi, akaacha harufu yake hapo. Tone likiwa bado linang'aa, mwenyewe hayuko mbali. Msilishike. Kaeni mita 20 kutoka hapo, upepo ukiwapiga usoni, dakika 20. Akiwashtukia atapiga mluzi wa puani na kukimbia kwa kupindapinda, lakini mara nyingi husimama baada ya mita 30 au 40 kugeuka kutazama. Wanafunzi wakimkimbilia watampoteza. Wakiganda, watamwona vizuri. Mwenye pembe ni dume.

Kwenye korongo la mchanga kanuni ni moja: msimame upande ambao nyayo iko kati yenu na jua. Jua la chini hutia kivuli ndani ya kila alama. Mkisimama na jua mgongoni, mchanga ule ule utaonekana tambarare. Pia msikanyage katikati. Tembeeni ukingoni, mmoja nyuma ya mwingine. Sungura huweka nyayo mbili ndefu za miguu ya nyuma mbele ya mbili ndogo za miguu ya mbele. Fisi ana vidole vinne na kucha zinaonekana, nyayo ya mbele kubwa kuliko ya nyuma, urefu wake karibu sentimita kumi. Kinyesi chake kikikauka huwa cheupe kwa sababu ya mifupa anayotafuna. Bweha ni nusu ya hiyo. Kanu hukunja kucha, kwa hiyo hazionekani. Nyoka mzito aitwaye kifutu huacha mfereji ulionyooka, upana wa vidole viwili au vitatu, pasipo mawimbi. Ukiuona mfereji huo ni mpya, kila mtu atazame miguuni.

Mchanga mkavu chini ya kivuli cha mkwaju au mgunga utakuwa na vishimo vyenye umbo la faneli: humo yumo mdudu aitwaye fukufuku, akingoja sisimizi ateleze. Dondosheni punje ya mchanga ukingoni muone anavyorusha. Hii ni ya wale wasioweza kukaa kimya zaidi ya dakika tano, na katika kila kundi wapo.

Chini ya mbuyu wenye tundu kubwa angalieni vidonge vya bundi. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika manyoya na mifupa vikiwa vimeshikamana: kidonge cheusi cha sentimita nne au tano, kinang'aa kikiwa kipya, cha kijivu kikizeeka. Si kinyesi. Kiokote kwa kijiti, kiloweke kwenye maji yenye sabuni shuleni, kisha mkichambue kwa sindano mbili. Mtapata mafuvu na mataya ya panya, pengine zaidi ya mmoja. Mikono ioshwe. Ila kwanza muulize mwenyeji wenu. Sehemu nyingi bundi anahusishwa na uchawi, na mwalimu mgeni anayefungasha masalia ya bundi kwenye bahasha anaweza kuzua maneno yatakayomfuata hadi shuleni. Eleza unachofanya, mbele ya watu, na umwonyeshe mwenye shamba mafuvu ya panya waliokuwa wakila mtama wake.

Malizieni kwenye lambo au ukingo wa bwawa, kati ya saa mbili na saa tatu na nusu, kwa sababu huo ndio wakati wa firigogo, ndege wanaofanana na njiwa, kunywa. Hutua mbali kidogo na maji, wakasita, kisha hushuka kunywa kwa sekunde chache tu na kuondoka. Dume mwenye makinda hulowanisha manyoya ya tumbo na kuruka na maji hayo hadi walipo makinda, nao wakayanyonya. Kaeni mita 40, mkiwa mmeinama, na msisimame kundi la kwanza likifika. La pili hufuata. Bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957, lina ndege wa majini pia: yangeyange, mnandi, mdiria, na furukombe mkiwa na bahati. Hapo mwanafunzi yeyote asitie mguu wala mkono majini, hata kunawa. Kichocho hakimwachi mtu kwa sababu ni mgeni. Ukihamishia matembezi Mtera, ongeza mamba na viboko kwenye hesabu yako.

Pimbi wapo kwenye miamba ya mawe makubwa: doa jeupe linalotiririka mwambani ni mkojo wao wa miaka mingi. Huota jua saa moja hadi saa mbili na nusu, mmoja akiwa mlinzi.

Kuhusu orodha yako. Korongo weupe na keremkezi wa Ulaya huja kwetu Ulaya ikiwa na baridi, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Machi au Aprili. Julai wako kwao wanalea. Kama unawataka, rudi Januari au Februari, ukijua kwamba mtama utakuwa umesimama, njia zitakuwa tope, na digidigi hutamwona kirahisi kichakani. Ni matembezi mengine kabisa, na yanahitaji orodha nyingine.

Hatari, kwa kifupi lakini msiziruke. Asubuhi ya baridi kifutu hulala njiani bila kutikisika, mzito wa kukimbia. Anayeongoza atangulie na fimbo, na hakuna kuruka gogo bila kutazama upande wa pili. Mtu akiumwa na nyoka: atulizwe, kiungo kisitikiswe, pete na saa vivuliwe, hospitali mara moja, hakuna kuchanja, kufyonza wala kufunga kamba. Nyoka swila akitema sumu machoni, suuza kwa maji mengi dakika 15 au zaidi, kisha hospitali. Shimo la muhanga, yule mnyama mla mchwa, msisimame mdomoni wala kuingiza mkono. Mwenyewe mara nyingi alishahama, na ngiri au nungunungu aliyepanga humo hutoka kwa kasi. Mbwa au bweha asiyeogopa watu mchana aachwe mbali. Akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha chanjo siku hiyo hiyo. Mizinga ya nyuki mtini ipitwe kwa nyuma, na siku hiyo marashi yabaki nyumbani. Mbwa wa wachungaji wakija, msikimbie. Simameni pamoja na mwachie mchungaji awaite.

Msiokote ndege aliyekufa. Kwelea kwelea wanaoshambulia mtama hunyunyiziwa sumu ya fenthion, na aliyekula sumu hiyo huweza kumdhuru anayemshika au kumla. Muulize mtendaji kama kumenyunyizwa karibuni. Kama ndiyo, chagua kijiji kingine. Manyoya, miiba ya nungunungu, pembe na magamba ya kobe viacheni mlipovikuta: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inavihesabu kuwa nyara, na kuwa navyo bila kibali ni kosa. Pigeni picha, mkiweka kalamu kando kuonyesha ukubwa. Msipige sauti za ndege zilizorekodiwa kwenye simu ili kuwaita. Ndege huacha kula akaja kupigana na adui asiyekuwepo. Na vijiji vinavyopakana na mapori ya akiba ya Swagaswaga na Mkungunero, huko Chemba na Kondoa, usiwapeleke wanafunzi kwa miguu. Tembo hupita mashambani usiku na wengine huchelewa kurudi, na kuingia ndani ya pori lenyewe kunahitaji kibali cha TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania.

Daftari moja kwa kundi, penseli badala ya kalamu ya wino. Kila mstari: saa, mahali, mnyama, idadi, anafanya nini. Juu ya ukurasa: tarehe, mawingu, upepo. Kundi kubwa la kwelea lihesabu kwa mafungu: hesabu kumi kwa kidole, ona kumi wanachukua nafasi gani, kisha mia, kisha rudia hiyo mia kwenye kundi zima. Andikeni hata "hakuna kitu" kwa kila kituo mlichokaa, vinginevyo mwakani hamtajua kama mnyama hakuwepo au hamkumtazamia.

Nakala moja ya ukurasa mpelekee mtendaji siku hiyo hiyo kabla ya kuondoka. Nyayo mbichi za fisi mita 200 kutoka kwenye zizi la mtu ni taarifa anayoihitaji kabla ya usiku kuingia.